Vijiti vya Mama Mkwe

Bibi Karima alishuka kwenye baiskeli ya mwanawe, Zakaria, bila kushikwa mkono, akakataa kiti, akakataa maji, akakaa juu ya mzigo wake mwenyewe mbele ya mlango. Ndivyo alivyofika katika nyumba ambayo, tangu Zakaria aoe, hakuwahi kuikanyaga. Alikuwa ametoka Basoko kwa boti, na jua la mtoni lilikuwa limemkausha midomo ikapasuka, lakini maji, hapana.

"Kwanza kazi," alisema.

Mwanahamisi alibaki na kikombe mkononi. Kusema kweli aliogopa. Huyu ndiye mwanamke aliyesema siku ya posa, mbele ya wajomba wote, kwamba msichana aliyekulia mjini, Simi-Simi, hajui jembe linashikwa upande gani, na kwamba mwanawe atakufa njaa huku mke anajipaka mafuta. Maneno hayo yalifika Simi-Simi kabla ya wajomba wenyewe. Tangu hapo salamu za wanawake hawa wawili zilipitia kwa Zakaria: mama anakusalimia, mke wangu naye anasalimia sana, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake hakusema lolote.

Zakaria alikuwa mchukuzi wa mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kukaa kimya mbele ya watu wenye mizigo. Aliegemeza baiskeli ukutani akajifanya anapima upepo wa tairi.

Bibi Karima akafungua furushi. Ndani ya kitenge kilicholoweshwa maji, ndani ya majani ya mgomba, mlikuwa na vijiti vya muhogo vilivyokatwa sawasawa, macho yake yameanza kuchungulia.

"Mwanahamisi, kuya hapa."

"Niko, mama."

"Hii ni tamu-tamu. Mama mukwe wangu njo alinipa, na yeye alipewa na wa kwake. Ilipashwa nikupe siku ya kwanza ulivuka mulango. Sikukupa. Nilikuwa na roho mubaya. Bon, imekwisha. Pokea."

Katika ukoo wa Zakaria, mke hakuhesabiwa kuwa wa nyumba kwa sababu ya mahari wala ya karamu. Alihesabiwa siku mama mkwe alipomkabidhi vijiti vya muhogo wake. Na aliyevileta hatii kitu kinywani katika nyumba hiyo mpaka viingie ardhini. Mawifi walikuwa wakimtania Mwanahamisi kila Idi: sisi tuko na mihogo, wewe uko na nini? Alikuwa akicheka nao, halafu anarudi jikoni kufuta macho na kusingizia moshi.

Akapiga magoti, akavipokea kwa mikono miwili, na machozi yakamtoka. Nani asingelia?

"Usililie mbegu," mzee akamwambia. "Enda upande. Mi niko na njaa."

Sasa, apande wapi? Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha udongo mgumu ambacho mbuzi wa jirani walikifanya uwanja wao. Kila kilichochipua pale kilikwenda matumboni mwao. Udongo mzuri Mwanahamisi alikuwa nao mahali pamoja tu, kwenye mstari wake katika shamba la Tusimame.

Tusimame kilikuwa chama cha akina mama wa kijiji chao, kilicho kando ya njia ya Bangboka. Shamba lao halikuwa la kula. Lilikuwa la mbegu. Mradi mmoja uliwaletea muhogo mpya, unaozaa sana na usiosumbuliwa na ugonjwa wa batobato, ili wauzidishe, na mavuno yakishakaguliwa na kuonekana safi, chama kipewe ruhusa ya kuuza mbegu hiyo kwa vijiji vyote vya njia ile mpaka ng'ambo ya mto. Mradi wenyewe ulikuwa unafunga virago msimu huo huo. Kwa hiyo shamba likipita, akina mama wamesimama kwa miguu yao. Lisipopita, warudi walikotoka: kuchoma makala, mkaa wa kuuza, porini na kulimia watu.

"Mwaka kesho hakuna mutu wa kupigia telefone," Mama Pélagie, mwenyekiti wao, alipenda kusema. Alikuwa mwanamke mnene wa Maniema, mwenye sauti ya kanisani. "Tutakuwa tunapigiwa sisi."

Na sharti lilikuwa moja. Augustin, mtaalamu wa kilimo waliyemwita papa agronome ingawa alikuwa mdogo kwa wengi wao, alilirudia mpaka wakalichoka: hakiingii shambani kijiti chochote cha nje. "Hata ukipewa na malaika, mama zangu. Malaika apande kwake." Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mwanahamisi alilikumbuka neno hilo njiani, furushi likiwa kichwani. Alilikumbuka vizuri sana, asije mtu akasema alisahau. Lakini mstari wake, uliopakana na wa Mama Pélagie, ulikuwa na pengo mahali ambapo maji ya mvua yalituama na miche ikaoza. Wenzake walikuwa wameshalitania: mstari wa binti wa Simi-Simi umeng'oka meno! Na kule nyumbani kuna mzee mwenye njaa aliyemeza kiburi chake chote, akapanda boti, akaja kusema roho yangu ilikuwa mbaya. Umwambie nini? Kwamba papa agronome amekataa?

Akaangalia huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akachimba, akalaza vijiti, akafukia, akakanyaga kwa kisigino. Ni vichache, alijiambia, na vina afya. Jioni Bibi Karima alikula mkate wa muhogo wa kwanga na mboga ya pondu, akamaliza sahani, akalamba vidole.

"Chumvi imezidi," akasema.

Mwanahamisi alitoka nje akacheka peke yake. Mgeni hasemi hivyo. Anayesema hivyo ni mama kwa binti yake, na maneno hayo aliyasubiri tangu alipoolewa.

*

Mzee hakurudi Basoko. Alisema atakaa mpaka mvua zipite, mvua zikapita, hakuna aliyemkumbusha. Alimfundisha mkamwana wake kuvundika muhogo kwenye kijito bila kuuacha ukanuka, na kufunga kwanga ikafungika. Walikuwa wakikaa kibarazani, mmoja anatwanga pondu na mwingine anachambua, wakimsengenya Zakaria naye akiwasikia. Nyumba ile ilikuwa na raha, lazima isemwe.

Ikawa siku moja Bibi Karima akataka kuuona muhogo wake. Zakaria akampakia kwenye baiskeli, akamfikisha shambani, na akina mama wakampindulia beseni, akakaa mwanzoni mwa mstari wa Mwanahamisi kama bibi harusi. Tamu-tamu ilikuwa imempita kimo. Akalishika jani moja, akaligeuza, akaliachia, akatabasamu. Mama Pélagie mwenyewe alikuja kumsalimia kwa kupiga magoti.

Kabla hawajamaliza salamu, pikipiki ya Augustin ikaingia. Alipita mistari akiinama kama kawaida yake, macho kwenye majani ya chini. Alipofika kwenye mstari wa Mama Pélagie akachuchumaa, akalichuma jani la chini lenye madoa ya manjano, na alipoligeuza, vidudu vyeupe vidogo vikaruka.

"Mama zangu, muje wote hapa," akasema.

Wakaja na majembe mabegani.

"Hii siipendi. Inaweza kuwa si kitu, inaweza kuwa ule ugonjwa wa michirizi, unaooza muhogo kwa ndani, na wewe huku juu unaona majani tu, unafurahi. Sikiliza. Kama kuna mama alileta kijiti cha inje, aseme leo. Sitakasirika, wallahi, nitaapa hata kiislamu." Wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Tutang'oa chake na vya jirani zake, tutachoma, shamba linapona. Lakini mutu akinyamaza, hivi vidudu vitautembeza ugonjwa mupaka mwisho wa shamba. Hapo sitakuwa na dawa."

Mwanahamisi aligeuza kichwa. Hatua chache kutoka pale, mzee alikuwa amekaa juu ya beseni, uso ameuelekeza kwao. Ingetosha neno moja. Lakini neno hilo lilikuwa na maana gani? Kwamba mbele ya kijiji kizima, bibi aliyetoka Basoko na zawadi ameleta ugonjwa. Kwamba vijiti vya mama mkwe, alivyovilipia kwa machozi ya miaka, ni takataka ya kuchoma moto. Wangemtazama vipi yule mzee? Na yeye angemtazama vipi mkamwana wake usiku huo kwenye sahani?

Akanyamaza. Nitaing'oa kesho, alijiambia, peke yangu, bila mtu kuaibika.

"Papa agronome," Mama Pélagie akasema, akiweka mkono juu ya bega la Mwanahamisi aliyekuwa karibu naye zaidi, "hawa banamuke ninawajua mumoja-mumoja. Hakuna wa kufanya vile. Mi naapa juu yao."

Augustin aliwaangalia tena wote, akalitupa jani. "Sawa," akasema. "Mama ameapa."

Kesho yake Mwanahamisi alikwenda kweli. Msimhukumu kwa hilo, alikwenda. Aliushika mti wa kwanza wa tamu-tamu kwa mikono miwili, akaupinda mgongo ili avute. Na pale ndipo alipoyaona majani yake: mabichi, mapana, safi, hayana doa hata moja. Madoa yalikuwa kwa Mama Pélagie, hayakuwa huku. Basi si huu, alijiambia. Ungekuwa huu, ungeugua wenyewe kwanza. Akaushindilia udongo kwa kiganja, akarudi nyumbani na moyo mwepesi, akapika.

Hakujua kwamba kuna muhogo unaoubeba ugonjwa huo bila kuonyesha majanini. Augustin angemwambia, lau angemwuliza.

*

Siku ya ukaguzi akina mama walivaa vitenge vya sare. Wengine walikuwa wameshonesha upya. Augustin alikuja na mkaguzi kutoka mjini, mama mmoja mpole mwenye viatu vya mpira na kisu kikali, na kazi yao ilikuwa rahisi kuielewa: kung'oa shina hapa na shina pale, kuukata muhogo vipande, kutazama ndani.

Shina la kwanza lilikuwa jeupe. Vigelegele. La pili jeupe. Vigelegele tena, na Mama Pélagie akaanza kucheza huku ameshika kiuno. Walipofika katikati ya shamba, mkaguzi alikata muhogo mmoja, akatulia, akakata tena. Ndani mlikuwa na mistari ya kahawia, mikavu, inapita kwenye nyama yote. Akang'oa jirani yake. Vivyo hivyo. Wakaenda mstari baada ya mstari, na kelele zikapungua, mpaka ikasikika sauti ya kisu peke yake.

Wakafika kwenye mstari wa Mwanahamisi. Mkaguzi aliutazama mti mrefu wa tamu-tamu, akapapasa shina lake.

"Huu si ule tuliowapa," alisema kwa upole. "Huu ni wa nani?"

Akaung'oa, akaukata. Ulikuwa mnene, wa kupendeza, na ndani mistari ile ile.

"Ni wangu," Mwanahamisi akasema. "Ni mimi niliupanda."

"Lini?" Augustin akauliza.

"Mwanzo."

"Na siku ile niliuliza?"

Mwanahamisi alitegemea watamtukana. Alitaka watukane, wampige hata. Wenzake walimtazama tu, na mmoja aliyekuwa ameshonesha kitenge kipya akaanza kukikung'uta vumbi, akakikung'uta tena na tena.

"Mi nilikuapia," Mama Pélagie akasema. Ile sauti ya kanisani ilikuwa imekwenda. "Niliweka mukono hapa, juu ya bega yako, na nikaapa."

Na huo ndio ukawa mwisho wa mazungumzo yao.

Shamba lilichomwa na wenyewe waliolilima. Muhogo mbichi hauungui kwa urahisi, kwa hiyo walikata, wakarundika, wakaleta nyasi kavu na kuni walizokuwa wameziweka kwa ajili ya kupikia sherehe. Mwanahamisi alibeba kama wengine. Alipokwenda upande huu wa rundo, wenzake walihamia upande wa pili, bila neno. Ndege ya mchana ilipita juu ikishuka Bangboka, na moshi ukaipokea.

Augustin aliwapa mkono wote kabla ya kuondoka, na Mwanahamisi pia. "Ningekusaidia, mama," alimwambia kwa sauti ya chini. "Siku ile ningekusaidia." Mradi ukafunga, na yeye akapelekwa mkoa mwingine.

Akina mama wakarudi kwenye makala. Wengine walikwenda kulima mashamba ya watu kwa malipo ya siku, na Mama Pélagie alikuwa mmoja wao, yule aliyesema watapigiwa simu. Kisimani Mwanahamisi hakufukuzwa. Walimpisha. Kila alipofika na ndoo, mstari mzima ulisogea pembeni, achote, aende zake, ili mtu asilazimike kusimama karibu naye. Alitamani sana siku moja aambiwe angoje zamu yake.

*

Kwa Bibi Karima walikuwa wamesema uongo. Zakaria alimwambia shamba linachomwa kila mavuno yakiisha, ndivyo mradi unavyotaka, na mzee akasema aha, akarudi kwenye pondu yake. Lakini mwenye macho huona. Mkamwana anakwenda kisimani jua likiwa kali, wakati wengine wamelala. Wanawake wanapita njiani hawaingii. Kitenge cha sare kimekunjwa kikawekwa chini kabisa ya sanduku.

"Mwanahamisi," akamwita siku moja, "kaa chini. Tamu-tamu yangu iko wapi?"

Mwanahamisi alikaa. Akamweleza yote: pengo, sharti, vidudu vyeupe, kisu cha mkaguzi, kiapo cha Pélagie. Hakulia. Alikuwa amekwisha kulia jikoni. Mzee alimsikiliza akiwa ameyashika magoti yake.

"Ile siku papa agronome aliuliza," Bibi Karima akasema mwishowe, "mi nilikuwa pale. Juu ya beseni."

"Nilikuona, mama. Njo maana..."

"Nilisikia yote. Masikio yangu haijakufa."

Mwanahamisi akainua uso.

"Nilikuangalia we," mzee akaendelea. "Nikasema ndani ya roho, kama hii maneno iko juu ya muhogo yangu, mutoto wangu atasema. Mi ni muzee, nimekuja juzi, nitafungua kinywa namna gani mbele ya wenzake na yeye amenyamaza? Ile mistari kwetu Basoko tunaiona kila siku. Tunakata pale pabaya, tunatupa, tunapika pale pazuri. Sikujua kama batu wanaiita ugonjwa. Lakini wasiwasi niliupata. Halafu ukanyamaza, na mi nikapoa. Nikasema, basi, haiko yangu."

"Nilinyamaza juu yako, mama. Sikutaka upate haya."

"Na mi nilinyamaza juu yako."

Jirani alipita na mzigo wa makala kichwani, hakusalimia. Wakamngoja apite.

"Ungeniambia tu, mama, ya kwako ni mubaya. Ningetoka kwenye ile beseni, ningeing'oa na hii mikono yangu, na batu wangecheka, na jioni tungekula." Akaifungua mikono yake, akaiangalia. "Mi nilikupa vijiti ili ukuwe mutu wa nyumba, Mwanahamisi. Na we ukanificha kama vile mugeni."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti, pengine ingekuwa nafuu. Mwanahamisi alitaka kumshika miguu, akaomba radhi, na mzee akasema imekwisha, imekwisha, neno lile lile alilolisema siku alipokuja na furushi, lakini safari hii macho yake yalikuwa mbali, upande wa mto.

Zakaria alirudi kutoka kazini na kwanga mbili kwenye mfuko wa plastiki, alizozinunua kwa mwanamke mmoja getini Bangboka. Tangu mzee afike, katika nyumba ile kwanga haikuwahi kununuliwa. Mwanahamisi alifungua majani, na harufu ikamjulisha mara moja kwamba haikuvundikwa vizuri: ilikuwa chachu, na katikati ina madonge. Akakata kipande kizuri kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani ya mama mkwe wake pamoja na samaki wa kukaushwa, akakaa akingoja.

Bibi Karima alikula taratibu. Alitafuna, akameza, akanywa maji. Mwanahamisi hakuondoa macho. Sema, mama, alikuwa anaomba moyoni. Sema ni chachu. Sema imeharibika, nani amefunga kwanga hii, sema hata mbwa hali.

Mzee akanawa vidole, akaisogeza sahani mbele kwa adabu.

"Aksanti, mama," akasema. "Iko muzuri."

Wiki ile ile alimwomba Zakaria amtafutie boti.